Nikkor Z 14-30mm f/4 S: lenzi pana inayokubali filta, kwa wapiga picha wa Unguja na Pemba

Kati ya lenzi za pembe pana zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za Nikon za mfululizo wa Z, hii ya milimita 14 hadi 30, yenye apecha (tundu la kupitishia nuru) ya f/4 isiyobadilika unapovuta zumu, ndiyo ninayoiona inafaa zaidi kwa mpiga picha wa mandhari wa visiwani mwetu. Sababu yake kubwa haimo ndani ya vioo bali imo kwenye mdomo wake, ambao umekatwa hesi na kwa hivyo unaweza kufungiwa filta ya kawaida ya milimita 82. Penye bahari ya kijivu na jua linalotambaa upande mchana kutwa, jambo hilo huenda likawa dogo. Kwa anayepiga picha Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, au Vumawimbi kule Pemba, hilo ndilo jambo lenyewe, na tathmini hii itakaa hapo kwa muda kabla ya kwenda kwenye mengineyo.

Nikon iliitangaza lenzi hii Januari 2019, miezi michache baada ya kutoa kamera zake za kwanza za fulufremu (zenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) zisizo na kioo cha kuakisi, yaani Z6 na Z7. Ndani yake mna vipande 14 vya kioo vilivyopangwa katika makundi 12. Vinne ni vya aina ya ED inayozuia rangi zisitawanyike, na vinne vina umbo la asferi, yaani lisilo la duara kamili. Kioo cha mbele kimepakwa florini ili matone ya maji na mafuta ya vidole yafutike kwa urahisi. Uzito wake ni gramu 485, na ikifungwa ina urefu wa milimita 85 tu, kwa kuwa imeundwa kujikunja: ukizungusha pete ya zumu kupita alama ya 14, sehemu ya mbele hurudi ndani, na ukitaka kupiga picha huna budi kuifungua tena, la sivyo kamera hukukumbusha kwa maandishi kwenye skrini. Ikiwa kwenye 14 huona digrii 114 kutoka pembe moja ya picha hadi ya pili, na ikiwa kwenye 30 huona digrii 72. Mtu aliyewahi kuitumia ile ya 14-24mm f/2.8 ya mwaka 2007, iliyotengenezwa kwa kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi, ataona tofauti mara tu atakapoishika, kwani ile ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja, na kioo chake cha mbele kilikuwa kimetuna kama kitumbua, hakikubali filta ya kufungia wala kifuniko cha kawaida.

Ili kueleza kwa nini filta ina uzito kiasi hiki, lazima kwanza tuzungumzie maji. Hapa kwetu maji ya bamvua, yale yanayokuja na mwezi kuandama na mwezi mpevu, hupwa kabisa kwenye saa nne hivi za asubuhi na saa nne za usiku, na hujaa kwenye saa kumi. Maana yake ni kwamba siku zile ambazo pwani ya mashariki hukauka kupita siku nyingine, bahari ikarudi zaidi ya kilomita moja hadi karibu na mwamba na kuacha wazi mchanga, madimbwi, nyasi bahari na mashamba ya mwani, ndizo siku ambazo ukavu huo hauji na alfajiri. Maji yanayopwa alfajiri ni yale ya siku za kuelekea bamvua, ambayo bado hayajapata nguvu. Anayetaka pwani iliyo wazi pamoja na nuru ya chini anaweza kuvizia siku mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama, maji yanapopwa kati ya saa mbili kasorobo na saa mbili na nusu za asubuhi, ila hapo pia atakuwa amekosa sehemu ya ukavu na sehemu ya nuru. Vitabu vya kufundishia upigaji picha wa mandhari, ambavyo karibu vyote huandikwa mbali na ikweta, humwambia msomaji akae nyumbani kuanzia saa tatu. Mzanzibari akiufuata ushauri huo hataiona pwani yake ikiwa wazi, ila labda kwa mwanga wa mwezi.

Kwa hivyo tunapiga picha jua likiwa juu, na mbele yetu pana maji ya kina cha kifundo cha mguu yanayong'aa kama bati. Hapo ndipo filta ya polaraiza, ile inayozungushwa ili ikate mng'aro, inapofanya kazi ambayo hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuifanya baadaye, kwa kuwa programu haiwezi kuonesha kilichofunikwa na mng'aro wakati picha inapigwa. Nimesimama mara nyingi kwenye dimbwi la Jambiani, jicho likiwa kwenye kitafutio na kidole kwenye pete ya filta, nikaona mambo yakibadilika robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kwanza uso wa maji ni mweupe mtupu. Halafu sehemu iliyo karibu huanza kutoboka, ukaona mikunjo ya mchanga chini, mstari kwa mstari. Kisha hujitokeza nyasi bahari zilizolala upande mmoja kwa mkondo, na kando yake kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, mwekundu, ambaye ulikuwa karibu kumkanyaga. Ukiendelea kuzungusha, weupe unarudi tena. Lenzi pana isiyokubali filta ingempata kiti cha pweza huyo kama doa la waridi chini ya kioo cha dirisha.

Hata hivyo ni vyema msomaji ajue mpaka wa filta hii inapofungwa kwenye lenzi pana namna hii, maana nimesikia watu wakilalamika kwamba imewaharibia picha. Mng'aro wa maji hukatika vizuri zaidi pale ambapo nuru inaakisiwa kwa takriban digrii 53 kutoka wima. Kwa mtu aliyesimama, kamera ikiwa mita 1.6 juu ya maji, hapo ni kama mita mbili mbele ya miguu yake. Akipiga magoti na kamera ikashuka hadi nusu mita, mahali hapo panasogea hadi kama sentimita 65 tu mbele yake. Lenzi ya digrii 114 huona maji ya miguuni na maji ya upeo wa macho kwa pamoja, kwa hivyo picha moja huwa na maji yaliyo wazi chini, na kadiri jicho linavyopanda maji hayo hugeuka kuwa kioo tena. Mimi naona mpito huo unapendeza, na ndivyo jicho la mtu linavyoiona bahari. Asiyeupenda na azungushe pete kidogo tu, asifike mwisho.

Mbingu nazo zina hesabu yake. Sehemu ya anga inayoguswa zaidi na polaraiza ni ule ukanda ulio digrii 90 kutoka kwenye jua. Asubuhi na mapema, jua likiwa chini mashariki, ukanda huo husimama kama tao kutoka kaskazini hadi kusini ukipita juu ya kichwa. Ukielekeza lenzi kaskazini kwa milimita 14, utapata doa la buluu nzito katikati ya anga na weupe pande zote mbili, na hilo ndilo linalowafanya watu waseme kwamba polaraiza na lenzi pana havipatani. Lakini jua linapopanda, ukanda ule hulala, na likifika utosini unakaa kwenye upeo wa macho pande zote. Kisiwani petu jua hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, na miezi iliyo jirani na tarehe hizo hukaribia sana. Kwa hiyo saa sita ya mchana, saa inayodharauliwa na kila mwalimu wa picha, ndiyo saa ambayo lenzi ya milimita 14 yenye polaraiza hutoa buluu iliyotandaa sawasawa nyuma ya jahazi. Nuru ya saa hiyo ni kali kwa nyuso za watu na sipendekezi kuwapiga picha wakati huo, lakini kwa maji ya rangi ya feruzi juu ya mchanga mweupe hakuna saa iliyo bora, kwa sababu nuru inashuka moja kwa moja hadi chini na kurudi.

Jambo moja la kununulia filta: ichaguliwe ile yenye fremu nyembamba. Kwenye milimita 14 fremu nene huingia kwenye pembe za picha, na ukipandisha filta mbili kwa pamoja, polaraiza na ile nyeusi ya kupunguza nuru, pembe huingia giza bila shaka, na inabidi usogee mpaka 17 au 18 ndipo litoke.

Sasa tuje kwenye upana wenyewe. Watu hununua lenzi pana wakidhani kwamba itawapa bahari kubwa, kumbe kinyume chake ndicho kinachotokea. Chombo kilicho mbali kinachopigwa kwa milimita 14 huonekana kwa asilimia 58 tu ya ukubwa ambao kingekuwa nao kwa milimita 24, na Unguja mashariki ni tambarare kiasi kwamba bahari nzima, mwamba, mapovu na ngalawa zote, hukaa kwenye utepe mwembamba kama ukingo wa kanga, halafu juu pana mbingu tupu na chini pana mchanga mtupu. Lenzi hii haikuzi kitu isipokuwa kilicho karibu nayo, kwa hivyo anayeitumia lazima atafute kitu cha karibu na akisogelee hadi aone aibu: nanga iliyozama nusu, mzizi wa mkandaa, safu ya vigingi vya mwani inayoanzia miguuni na kwenda kukutana na bahari.

Katika kazi hiyo lenzi inasaidia sana. Kwa milimita 14 na apecha ya f/8, ukifokasi kitu kilicho umbali wa kama sentimita 85, kila kitu kuanzia chini kidogo ya nusu mita hadi upeo wa macho huwa na ukali unaokubalika. Wenye kamera za pikseli nyingi kama Z7 na wafunge apecha hadi f/11 na kufokasi mbali kidogo kupita hapo. Kasoro ni kwamba lenzi haina alama za masafa, na pete yake ya fokasi haishikani na vioo moja kwa moja bali hutuma amri kwa mota, kwa hiyo mtu hawezi kuiweka kwenye mita moja kwa kuangalia pete. Ninachofanya ni kufokasi kitu kilicho kama hatua moja mbele yangu, kisha kusukuma swichi ya pembeni kutoka A kwenda M na kuiacha hapo. Ni utaratibu wa kuchosha kwa lenzi ya bei hii, na Nikon ilipaswa kutuwekea hata mistari michache kwenye pipa.

Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake, ambao wako kazini na si mapambo ya picha zetu. Lenzi hii inakulazimisha uwe hatua mbili kutoka kwa mtu, kwa hiyo haiwezekani kumpiga picha kwa siri, na hilo ni la heri. Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akifunga mbegu za mwani kwenye kamba, akanijibu marahaba mwanangu, nikaomba ruhusa akanipa, nami nikachuchumaa upande wake wa kulia. Nilipomwonesha picha kwenye skrini alicheka mpaka kamba ikamponyoka: "Mbona mkono umekuwa mkubwa kuliko mie?" Alisema kweli. Mkono ulikuwa umenyooshwa kuelekea kwenye lenzi, karibu na pembe ya picha, na chochote kinachokaa hapo kwa milimita 14 hunyooshwa na kuvutwa. Mtu akiwekwa karibu na katikati, hatua tatu hivi kutoka kwenye kamera, na zumu ikasogezwa hadi 20 au 24, hubaki na umbo lake. Picha ya pili niliyompiga namna hiyo aliikubali, akanitaka nimpelekee mwanawe kwa simu.

Kuhusu ubora wa vioo, nitasema yaliyo wazi. Katikati ya picha lenzi hii ni kali tangu f/4 kwenye urefu wote wa zumu. Pembeni, hasa kwenye 14, inahitaji apecha ifungwe hadi f/8, na hata hapo pembe za mwisho kabisa huwa laini kiasi. Sababu mojawapo ni kwamba wahandisi wamekubali mistari ipinde sana ndani ya lenzi ili iwe ndogo, kisha kamera na programu kama Lightroom huinyoosha kwa hesabu bila hata kukuuliza, na kunyoosha huko huvuta pembe. Anayechapisha picha za ukubwa wa mlango na kuzitazama kwa karibu ataliona hilo. Anayechapisha kwa kalenda, kwa ukuta wa hoteli au kwa mtandao hataliona. Mstari wa bahari hunyooka vizuri baada ya marekebisho, nami ninalijali hilo kuliko majani ya mnazi yaliyo kwenye kona. Jua likiingia ndani ya picha hutoa nyota safi yenye ncha 14, kwa kuwa apecha ina mabapa saba, na mng'aro wa ndani umedhibitiwa vyema kwa mpako wa Nano Crystal, ingawa jua la pembeni likipiga kwenye filta yenye chumvi huleta utando mweupe ambao si kosa la lenzi.

Ndani ya Mji Mkongwe hali ni nyingine kabisa, kwani hapo hakuna masafa ya kurudi nyuma. Kanisa tunaloliita Minara Miwili limebanwa na nyumba kiasi kwamba mtu aliye chini yake hulazimika kuinamisha kamera nyuma, na minara ikaegemeana kama inayotaka kuanguka. Dawa ni kuisimamisha kamera wima bila kuinamisha, kwa kufuata mizani ya kielektroniki iliyo kwenye skrini, kupiga kwa 14, kisha kukata sehemu ya chini ya picha ambayo itakuwa imejaa lami na miguu ya wapita njia. Minara itabaki imesimama. Ni kwenye vichochoro hivi pekee ndipo ninapoihitaji 14 yenyewe. Kwenye milango ya kuchongwa, lenzi hukubali kufokasi hadi sentimita 28, lakini umbali huo hupimwa kutoka kwenye kihisi ndani ya kamera, kwa hiyo njumu ya shaba inakuwa karibu na kioo kuliko unavyodhani, na kingajua cha lenzi kinaweza kuugusa mlango wa watu kabla hujatambua. Kivuli cha lenzi na cha kichwa chako navyo huingia kwenye picha. Kwa milango ninasogea kwenye 24 hadi 30 na kurudi nyuma hadi kwenye baraza ya nyumba ya pili, baada ya kuwasalimu waliokaa.

Pemba nitaipitia kwa haraka, si kwa kuwa haina cha kupigwa picha bali kwa kuwa vilima vyake vinahitaji lenzi ndefu zaidi. Mabonde ya minazi na mikarafuu yakipigwa kwa lenzi pana hulala na kuwa bapa. Kuna mawili yanayoinufaisha lenzi hii huko. La kwanza ni msitu wa Ngezi, ambamo ukisimama chini ya mti mkubwa na kuangalia juu, 14 hukusanya shina na kilele pamoja, na polaraiza huondoa weupe unaokaa juu ya majani baada ya mvua, hata kama mbingu imefunga. La pili ni karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka kando ya njia wakati wa msimu, ambapo kamera ikiwekwa sentimita thelathini juu ya mkeka hufanya kila tembe ya karafuu ionekane na nyumba iliyo nyuma isipotee.

Kubeba lenzi hii ni raha, na neno hilo silitumii ovyo. Ikiwa imejikunja kwenye kamera ya Z6 jumla yake haizidi sana kilo moja na gramu mia mbili, na hukaa kwenye mkoba mdogo wa begani unaoweza kupakatwa ndani ya daladala ya Makunduchi bila kumbughudhi jirani. Kwenye ngalawa, ambayo haina sehemu kavu hata moja, huingia kwenye mfuko wa maji wa plastiki wa lita tano pamoja na kitambaa na betri ya akiba. Zumu yenyewe ni faida ya pili: kusi inapovuma Paje mchanga huruka usawa wa goti, na mtu anayebadilisha lenzi wakati huo anaukaribisha ndani ya kamera. Kwa kuwa 14 hadi 30 zote zimo humu, lenzi haibandukani na kamera tangu asubuhi mpaka kurudi nyumbani.

Kujikunja huko kuna gharama yake, nayo ni kwamba pipa linaloingia na kutoka linaweza kubeba mchanga na chumvi kwenda nalo ndani. Lenzi ina mipira ya kuzuia vumbi na matone, lakini haikutengenezwa kuzamishwa wala kukunjwa ikiwa imelowa. Nikitoka pwani naiacha ikiwa wazi, naipangusa pipa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, naiacha ikauke, ndipo naikunja. Filta ndiyo ya kuoshwa. Kioo cha lenzi kiachwe, na kisifutwe kwa pindo la kanzu au la fulana, kwani chembe ya mchanga iliyokwama kwenye uzi hukwaruza. Unyevu nao ni adui wa kimya wa lenzi zote za pwani, kwa sababu kuvu huota baina ya vioo na mafundi wa kuitoa ni wachache na ghali. Sanduku la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa mpira na vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, linatosha kabisa, mradi vifuko hivyo vikaushwe au vibadilishwe mara kwa mara. Wanaolala kwenye vyumba vyenye kiyoyozi wasishangae lenzi ikijaa ukungu wanapotoka nje. Iachwe ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ijizoeshe joto kabla ya kufunguliwa.

Usiku lenzi hii si ya kwanza. Ukanda wa nyota unaoonekana vizuri kutoka Pemba kati ya Juni na Agosti, juu kabisa ya vichwa, hautaki kitu isipokuwa apecha kubwa, na f/4 hupitisha nusu ya nuru ya f/2.8 na takriban moja ya tano ya nuru ya f/1.8. Inawezekana kuupiga, kwa sekunde 20 hivi na ISO (kiwango cha kamera kuhisi nuru) ya juu, na kwa mtandao picha itafaa. Anayelala nje kwa ajili ya nyota na afikirie ile ya Z 20mm f/1.8 S, yenye gramu 505 na filta ya milimita 77.

Ilipotoka, bei yake ilikuwa takriban dola 1,300 za Kimarekani, na iliyotumika hupatikana kwa chini ya hapo. Anayenunua iliyotumika aimulike kwa tochi kutoka nyuma kutafuta kuvu, na aizungushe pete ya zumu karibu na sikio kusikiliza mchanga. Filta nzuri ya polaraiza ya milimita 82 iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu bila hiyo sehemu kubwa ya niliyoyasema hapa haipo. Mwenye kamera ya DX, yenye kihisi kidogo kuliko fulufremu, kama Z50, asiinunue, kwani kwake itaona kama ya milimita 21 hadi 45. Ile ya DX 12-28mm ya mwaka 2023 ina gramu 205, filta yake ni ya milimita 67, na inampa upana zaidi kwa fedha kidogo. Mpinzani wa kweli kwa wenye fulufremu ni Z 17-28mm f/2.8 iliyotoka 2022, ambayo ina gramu 450, nayo pia hutumia filta ya milimita 67, ambazo ni nafuu na ni rahisi kuzipata. Haijikunji, na inaanzia 17. Kwa kuwa picha zangu mwenyewe za pwani huishia mara nyingi kati ya milimita 16 na 20, ningeweza kuishi nayo, na usiku ningeifurahia zaidi. Ni vichochoro vya Mji Mkongwe tu ndivyo vinavyonizuia kubadilisha. Anayekaa Jambiani au Nungwi, ambaye mjini huja kwa shida, ninamshauri aijaribu hiyo kwanza.